Dakika kumi za Justine Henin: namna ninavyomwandika mchezaji kwa ajili ya redio

Mama yangu hajapata kushika raketi ya tenisi na haoni sababu ya kuishika. Lakini kila nilichokisoma kwenye kipindi cha michezo tangu 2006 kilipita kwake kwanza, jikoni kwetu Jang'ombe, Unguja, yeye kakalia mbuzi anakuna nazi, mimi nimeegemea mlango na karatasi yangu. Simuulizi kama kizuri. Naisikiliza mbuzi. Ikiendelea kukwaruza, sentensi hiyo imepita na upepo. Ikisita, natia alama pembeni kwa kalamu.

Mwaka huu wamekuja vijana wawili kujifunza kipindini kwetu, na wote wawili wameniuliza suali moja: "Bi, mchezaji aliyekwisha kuacha, tena wa mchezo ambao huku hatuuchezi, unamsimuliaje dakika kumi watu wasihamie stesheni nyengine?" Wasikilizaji wangu wengi uwanja wa tenisi wameuona hotelini tu, na wameuonea nje ya ukuta. Basi nitajibu kwa kumtumia mtu mmoja, Justine Henin wa Ubelgiji. Nimemchagua kwa sababu ndiye niliyemkosea kuliko wote.

Kwanza hakikisha kweli kaacha

Anayecheza bado ni mtihani. Unaandika Jumatatu kuwa ana mataji matano, kipindi kinakwenda hewani Alhamisi, na Jumatano keshachukua la sita. Aliyeacha, hesabu yake imefungwa. Unaweza kuizunguka pande zote kama mtu anayekagua chombo kilichopandishwa pwani.

Nami ndivyo nilivyodhani mwaka 2008. Jumatano ya tarehe 14 Mei Henin aliwaita waandishi wa habari nchini kwao akawaambia basi. Nikaandika kipande cha kumuaga, nikakipamba, nikakifunga kwa maneno ambayo mpaka leo yananitia haya: "Justine hatarudi tena uwanjani." Wiki moja baada ya yeye kuacha, waya wa umeme unaotoka bara ukaharibika, Unguja nzima ikaingia kizani karibu mwezi mmoja. Watu wakawa na ndoo za maji mkononi na redio za betri sikioni. Kipande changu kilirushwa katika kiza hicho, na nafikiri hakuna kingine changu kilichosikilizwa na watu wengi zaidi.

Septemba 2009 akatangaza kuwa anarudi. Siku ya pili yake simu ya kwanza kipindini ilitoka Wete, Pemba, mzee mmoja, hata salamu hakuimaliza vizuri: "Bi, yule uliyemzika kafufuka!"

Tangu hapo siandiki "hatarudi" wala "kwa mara ya mwisho". Naandika alilosema mwenyewe na tarehe aliyolisema. Henin ana tarehe mbili za kuacha: 14 Mei 2008, na Januari 2011. Ya pili ndiyo iliyobaki. Mwaka 2016 alitiwa katika Ukumbi wa Watukufu wa tenisi kule Newport, Marekani. Mtu akishafikishwa huko, angalau unaweza kuandika usiku ukalala.

Kusanya vingi, halafu vitupe

Mimi nina daftari la skuli, kurasa mbili zinazotazamana. Upande wa kushoto naandika kila kitu. Kazaliwa Liège tarehe 1 Juni 1982. Urefu mita 1.67. Mataji saba makubwa ya mmoja mmoja (makubwa ni ya miji minne: Melbourne, Paris, London na New York): Paris mara nne, 2003 na 2005 mpaka 2007, New York mara mbili, 2003 na 2007, Melbourne mara moja, 2004. Medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Athens 2004. Jumla ya mataji 43. Wiki 117 akiwa namba moja duniani. Mwaka 2007 alipata zaidi ya dola milioni 5 za zawadi, na hakuna mwanamke wa tenisi aliyewahi kufika hapo kwa mwaka mmoja kabla yake. Kocha wake alikuwa Carlos Rodríguez, karibu maisha yake yote ya uchezaji.

Upande wa kulia naandika vitakavyosomwa. Kwa Henin zilibaki namba tatu. Msikilizaji hana karatasi. Ana mtoto mgongoni, au usukani, au samaki kikaangoni. Ukimtajia namba saba hakumbuki hata moja, ukimtajia moja ataipeleka barzani. Fedha mimi huziacha kabisa. Ukitaja mamilioni ya dola, watu wanaanza kupiga hesabu ya nyumba na wewe umeshawapoteza.

Jina nalo liangalie kabla hujatafuta kitu. Aliolewa mwishoni mwa 2002, na kwa miaka kadhaa vitabu vya matokeo vilimwandika Henin-Hardenne. Wakatengana mapema 2007, akarudi kuwa Henin. Ukitafuta kwa jina moja tu utadhani mataji mengine ni ya dada yake. Na kwenye kutamka, usiseme "Henini" kama nilivyosema mimi mwaka mzima. Hiyo H ya mwanzo haitoki, sema "Ene", na ile e ya mwisho uipitishe puani. Fanya mazoezi garini, watu wakikutazama watazame.

Anzia mlango wa kutokea

Vijana wanapenda kuanza na kuzaliwa. "Justine Henin alizaliwa katika mji wa…" Mama hukuna nazi nzima juu ya sentensi kama hiyo.

Mimi naanza pale anapoondoka, kwa kuwa hapo pana suali ndani yake. Hivi ndivyo ninavyokifungua sasa kipande hicho: "Jumatano moja ya Mei, mwanamke wa miaka 25 aliwaambia watu kuwa ameacha tenisi. Siku hiyo hapakuwa na mwanamke duniani aliyemzidi. Mashindano ya Paris, aliyoyashinda miaka mitatu mfululizo, yalikuwa yamebakisha siku 11. Akaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya ubora duniani, na litolewe sasa hivi."

Mbuzi ikasita. Mama akauliza, "Kwani alikuwa anaumwa?" Hakuwa hoi kitandani. Alikuwa amechoka, kasema mwenyewe kuwa hamu imekwisha. Suali la mama ndilo linalokubebea dakika tisa zilizobaki: mtu anaacha vipi kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo? Usilijibu mapema. Wala usimhukumu. Kuna mtangazaji aliyesema hewani kuwa binti kakufuru neema, na simu zilizoingia zote zilikuwa za kubishana juu ya hilo, tenisi ikasahauliwa.

Hapo ndipo unaporudi nyuma, na urudi kwa kitu kimoja tu. Kwa Henin ni mama yake. Mwaka 1992 mama huyo, mwalimu wa Kifaransa na historia, alimchukua binti yake Paris kuangalia fainali ya Monica Seles na Steffi Graf. Seles alishinda kwa seti ya tatu, duru ya kuamua, iliyokwenda hadi 10–8. Mtoto akamwambia mama yake kuwa siku moja naye atacheza pale. Miaka mitatu baadaye mama akafariki kwa saratani, Justine ana miaka 12. Mwaka 2003 akalichukua taji katika uwanja uleule.

Soma hivyo hivyo, kavu. Usiongeze "machozi yalimlengalenga". Mara ya kwanza niliongeza, na mama akaniambia bila ya kuinua kichwa: "Umeanza kuimba." Kinachouma ni miaka: 1992 mpaka 2003, kumi na moja. Hiyo ndiyo namba ya kwanza niliyoibakisha. Itaje, kisha vuta pumzi.

Mlete kwenye saa yetu

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote, na wenzangu wengi wanaliruka. Jambo lililotokea New York msikilizaji halimgusi mpaka umwambie yeye wakati huo alikuwa anafanya nini.

Chukua nusu fainali ya New York ya 2003, Henin na Jennifer Capriati, Mmarekani. Ilianza usiku wa Ijumaa, ikachukua saa tatu na dakika tatu, ikaisha saa sita na nusu hivi za usiku wa kule. Ukisema hivyo, ni habari ya mbali. Sasa geuza: tofauti yetu nao msimu ule ni saa saba. Kwetu ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Septemba, saa moja na nusu asubuhi. Watu wanachovya boflo kwenye chai, makonda wa Darajani wanaita abiria, na kule mwanamke mfupi anachechemea kwa kubanwa misuli mbele ya uwanja mzima unaomshangilia mwenzake.

Kabla hujafika hapo lazima ueleze tenisi inavyohesabiwa, na hapa wengi ndipo wanapozama. Wanaanza na 15, 30, 40, kisha gemu, kisha seti, kisha taibreka, na mbuzi inalia mpaka nazi inakwisha. Mimi natoa kitu kimoja tu: tenisi haina saa. Kwenye mpira wa miguu, ukiongoza mabao mawili dakika ya 88 unaweza kulala chini ukashika goti, ukamwachia refa akumalizie kazi. Kwenye tenisi hakuna wa kukumalizia. Mpaka pointi ya mwisho uipige mwenyewe, mchezo haujesha, hata kama umeongoza tangu asubuhi.

Ukishasema hilo, mechi ya Capriati inajisimulia. Seti ya kwanza kachukua Capriati, 6–4. Seti ya pili anaongoza 5–3 na sevu, yaani zamu ya kuanzisha pointi, ni yake. Henin akairudisha, 7–5. Seti ya tatu Capriati anaongoza 5–2. Mara 11 usiku ule alibakiwa na pointi mbili tu za kushinda, na hata mara moja hakuifikia ile moja ya mwisho. Henin akamaliza kwa taibreka, gemu ya kuamua seti iliyofungana 6–6.

Hiyo 11 ni namba ya pili ninayoibakisha. Irejee: "Mara kumi na moja." Usiiseme kwa kelele. Na ndiyo, ni sawa na ile miaka kumi na moja ya mama yake. Mimi nililiona hilo baada ya kusoma mara nne na nikaamua kutolisema. Anayesikiliza vizuri ataokota mwenyewe.

Baada ya mechi alitundikiwa dripu. Nilipofika hapo mama aliniuliza, "Akalala saa ngapi?" Suali la maana kuliko yote niliyojiuliza mimi. Fainali ilikuwa Jumamosi hiyohiyo usiku. Akamshinda Kim Clijsters 7–5, 6–1.

Clijsters mtaje, lakini kwa kipimo. Ni Mbelgiji mwenzake, wamepishana umri mwaka mmoja na wiki moja, Henin wa upande wa Kifaransa na Clijsters wa upande wa Kiholanzi. Fainali ya Paris ya 2003 pia walikutana wao, 6–0, 6–4. Nchi ndogo, mabinti wawili, na kila nyumba ina wake. Niliwahi kusema hewani kuwa Unguja na Pemba wanaujua utani wa aina hiyo. Walicheka pande zote mbili. Siurudii.

Mpe kitu cha kuona

Redio haina picha, kwa hiyo pigo moja lichore, moja tu. La Henin ni bekihendi ya mkono mmoja, yaani pigo la upande wa pili wa mkono wa raketi. Wanawake wengi wa wakati wake walishika raketi kwa mikono miwili upande huo. Yeye, mwenye mita 1.67 mbele ya Venus Williams mwenye 1.85 na Maria Sharapova mwenye 1.88, alitumia mmoja. Nilihangaika kueleza kiganja kinaelekea wapi na bega linageuka vipi. Mwisho nikaandika: "Kama unavyofungua pazia la mlango kwa mkono mmoja, kwa hasira." Mama akainua mkono kutoka kwenye mbuzi akafungua pazia lisilokuwapo. Nikalitia alama.

Uwanja nao una lake. Ukisema Paris wanacheza kwenye udongo, msikilizaji anaona shamba la muhogo. Mwambie: juu ni vumbi la matofali mekundu yaliyosagwa, unene wa milimita moja au mbili, na chini yake mawe ya chokaa yaliyopondwa. Mtu wa Mji Mkongwe chokaa anaijua, amezaliwa ndani yake. Juu ya vumbi hilo mpira unapungua kasi na kuruka juu, na mchezaji anateleza kuufuata. Kwenye majani ya London mpira unapita chini na haraka. Basi ndiyo maana ya mataji manne ya Paris na lile la London, Wimbledon, ambalo hakulipata kamwe. Wimbledon alifika fainali mara mbili, 2001 akafungwa na Venus Williams, 2006 akafungwa na Amélie Mauresmo.

Usimsafishe

Ukimpenda mchezaji utataka kuficha. Usifiche, maana yuko mtu Mkoani, Pemba, anakumbuka.

Nusu fainali ya Paris 2003, Serena Williams anaongoza 4–2 katika seti ya tatu, na 30–0, yaani pointi mbili kwa bila, kwenye sevu yake. Henin akainua mkono kuashiria kuwa hajawa tayari. Sevu ya Serena ikaingia wavuni. Serena akataka aipige tena. Mwamuzi hakuuona ule mkono, na Henin akanyamaza, hakusema kuwa aliuinua. Akashinda seti ile 7–5. Mwaka 2006 tena, fainali ya Melbourne, akiwa nyuma 6–1, 2–0 dhidi ya Mauresmo, aliacha kwa maumivu ya tumbo, na wengi walimlaumu kwa kumnyima mwenzake pointi ya mwisho.

Mimi nayasoma yote mawili, moja baada ya jengine, bila ya "lakini" katikati. Neno "lakini" hapo ni wakili. Niliposoma habari ya mkono, mama alisema, "Anajijua," akaendelea na nazi yake. Barza nayo iachie kazi yake.

Kurudi, na namna ya kufunga

Sehemu ya kurudi iwe fupi kuliko unavyotaka. Nina sababu ya kuipenda. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika tena, safari hii mpaka Machi. Pemba wakati ule walikuwa bado wana majenereta yao. Fainali ya Melbourne, tarehe 30 Januari 2010, ilianza saa tano na nusu asubuhi kwa saa zetu, na mimi niliipata kwa simu niliyoichajisha dukani kwenye jenereta kwa kulipa. Binamu yangu Chake Chake alikaa mbele ya televisheni akinipigia kila seti ikiisha. Ya kwanza: "Serena, sita nne." Ya pili: "Wako, sita tatu." Ya tatu hakupiga, nikajua. Nilipompata akasema, "Kafungwa sita mbili. Lakini huyu mtu hata kwenye orodha hayumo!" Kweli hakuwamo, aliingia kwa mwaliko, hana namba yoyote, akafika fainali.

Yote hayo nimeyaandika hapa, kwenye kipande sijayatia. Ni ya kwangu, si ya Henin. Redioni nasoma mistari minne: amerudi Januari 2010, amefika fainali, Juni, Wimbledon, ameanguka akicheza na Clijsters, kiwiko cha kulia kimeumia, Januari 2011 ametangaza kuwa kiwiko hakitaki tena, ana miaka 28. Mara ya kwanza aliondoka mwili ukiweza na moyo hautaki, mara ya pili moyo unataka na mwili umekataa. Sentensi hii ya mwisho niliipenda sana, na mbuzi haikusita hata kidogo, kwa hiyo niliikata.

Namba ya tatu niliyoibakisha ni saba, mataji yake makubwa, na naiweka hapa mwisho, baada ya kiwiko. Ukiiweka mwanzoni inakuwa tangazo.

Kisha kisome chote kwa sauti ukiwa na saa mkononi. Kwa mwendo wangu, ukurasa mmoja wa mwandiko wa mkono ni dakika mbili, kwa hiyo dakika kumi ni kurasa tano, na nne na nusu ni bora, kwa ajili ya kikohozi na simu itakayoita. Ukifika mwisho litaje jina lake tena, taratibu, kwa matamshi yale uliyoyafanyia mazoezi garini, na umwombe fundi mitambo asubiri sekunde mbili kabla ya kuingiza muziki. Wapo wanaotafuta kalamu.